Jibwa Langoni: Tutazame Kazi Kabla ya Kimo

Pwani yetu ya kusini, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Mto Ruvuma, imeishi na mbwa tangu enzi za mababu. Mbwa huyo twamjua sote: mwembamba, mwenye rangi ya udongo, alalaye majivuni na kuamshwa na mchakacho mdogo wa majani. Lakini siku hizi mtu akishajenga nyumba ya matofali, akaizungushia ukuta na kuitia geti la chuma, marafiki humwambia kwamba kazi haijakwisha mpaka nyuma ya geti lile pawepo jibwa. Nao hawamkusudii mbwa wetu wa majivuni. Hulikusudia jibwa la mbegu ya kigeni, lenye kichwa mithili ya ndama na uzito wa mtu mzima, ambalo mpita njia akiliona huvuka barabara.

Swali tunalotaka kulijadili leo ni hili: je, jibwa la namna hiyo lafaa katika nyumba zetu za Madimba na jirani zake?

Wako watakaosema kwamba swali hili ni dogo mno kujaza safu hii, na kwamba mtu ana hiari ya kufuga apendacho kwa fedha zake mwenyewe. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Mnyama anayeongeza kinywa katika nyumba, anayeweza kumrarua mtoto wa jirani, na anayeweza kupakiwa chomboni na kuvusha maradhi yasiyo na tiba kutoka bara hadi kisiwani, si shauri la mtu mmoja. Ni shauri la kijiji kizima, na kwa hiyo ni shauri la wananchi wenyewe, wa bara na wa visiwani, pamoja na maofisa waliokabidhiwa dhamana ya kuwatumikia.

Rai yetu ni kwamba mtu apime kwanza kazi, kisha ndipo apime kimo. Ajiulize anamtaka mbwa afanye kazi gani, na kazi hiyo yahitaji mbwa wa namna gani. Tukipima hivyo tutaona kwamba jibwa lafaa nyumba chache sana, na kwamba kazi nyingi tulizonazo zaweza kufanywa na mbwa wetu wa kienyeji, ilimradi tumpe haki yake ambayo mpaka leo wengi wetu tunamnyima.

Walikotoka na walichoumbiwa

Kila mbegu ya mbwa ililelewa mahali fulani kwa ajili ya kazi fulani. Great Dane, ambaye jina lake humhusisha na Denmark, kwa hakika ni mbwa wa Ujerumani. Wazee wake walitumiwa na makabaila wa huko kuwinda nguruwe mwitu katika misitu ya baridi. Dume wa mbegu hiyo, kwa vipimo vinavyokubalika kimataifa, hatakiwi kupungua sentimita 80 kutoka ardhini hadi mabegani, na uzito wake mara nyingi hupita kilo 60. Mmoja wao aliyeitwa Zeus, wa jimbo la Michigan huko Marekani, alipimwa akaonekana kuwa na kimo cha sentimita 111.8, akatangazwa kuwa mbwa mrefu kuliko wote duniani. Alikufa mwaka 2014, hata miaka 6 hajaitimiza.

Saint Bernard alilelewa na watawa katika njia ya milimani kati ya Uswisi na Italia, mahali penye theluji kubwa. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta wasafiri waliopotea. Mashuhuri kuliko wote ni yule aliyeitwa Barry, aliyeishi kati ya mwaka 1800 na 1814, ambaye husimuliwa kuwa aliokoa watu zaidi ya 40. Manyoya yake mazito yalikuwa rehema katika theluji ile.

Boerboel naye ni mbwa wa Afrika Kusini, aliyelelewa kulinda mashamba makubwa ya walowezi. Ana manyoya mafupi na mwili ulioshupaa, na uzito wa dume ni kati ya kilo 60 na 90. Huyu angalau ni mwana wa bara letu na jua analijua. Lakini tukumbuke kwamba alilelewa katika mashamba ambayo kutoka nyumba hadi nyumba ni mwendo mrefu, na mgeni aliyeonekana karibu na boma alikuwa mgeni kweli. Kijijini kwetu anayekatiza uani kwako alfajiri ni shangazi anayekuja kuomba moto, au mtoto aliyetumwa chumvi.

Mwenye kutaka mbwa mkubwa, basi, asitazame picha peke yake. Aulize mbegu ile ilifanya kazi gani, katika hali gani ya hewa, na katika makazi ya namna gani. Kisha alinganishe na kwake.

Jua na unyevu wa pwani

Binadamu akiona joto hutoka jasho mwili mzima. Mbwa hana bahati hiyo. Yeye hujipoza hasa kwa kuhema, ulimi ukiwa nje, ili mate na unyevu wa koo viyeyuke na kuchukua joto. Njia hiyo hufaa hewa ikiwa kavu. Katika pwani yetu, hususan miezi ya masika kabla mvua haijashuka, hewa yenyewe imejaa maji. Mbwa huhema na joto haliondoki. Tena mwili mkubwa, kwa kadiri ya uzito wake, una ngozi chache ya kutolea joto kuliko mwili mdogo. Ndiyo maana mbwa wetu wa kilo 15 hulala kivulini akavumilia adhuhuri ya Februari, na jibwa la kilo 70 lililofungwa mnyororo juu ya saruji laweza kuzimia na kufa kabla ya alasiri.

Anayelileta jibwa pwani, kwa hiyo, yampasa awe na kivuli cha mti au cha banda lililo wazi kwa upepo, sakafu isiyochoma, na maji ya kunywa wakati wote. Mbwa wa uzito huo hunywa lita 4 au zaidi kwa siku, na siku za joto kali hunywa zaidi sana. Penye bomba hilo ni jambo jepesi. Lakini katika kitongoji ambacho akina mama huteka maji kisimani kwa ndoo, au katika kisiwa ambacho kisima kina maji ya chumvi na maji matamu huletwa kwa madumu chomboni, tuulize bila haya: ni nani atakayeyabeba maji ya jibwa hilo? Aghalabu si yule aliyelinunua.

Nani atamlisha?

Baada ya maji kuna chakula. Mbwa wa kilo 70 huhitaji karibu kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Kwa mwaka mmoja hizo ni kilo 365, yaani magunia matatu na nusu ya kilo mia mia, na ziada. Mbwa wetu wa kienyeji hutosheka na kama robo ya hicho. Wala jibwa haliwezi kuishi kwa ugali mtupu na mifupa ya samaki. Likiwa changa lahitaji nyama, dagaa au chakula kingine chenye kujenga mwili, na lahitaji kwa kipimo, maana likinyimwa hupata matege, na likishindiliwa hukua haraka kupita nguvu ya mifupa yake na viungo vya nyonga huharibika. Mtoto wa binadamu katika mwaka wake wa kwanza huongeza uzito wa kuzaliwa kama mara tatu. Mtoto wa jibwa huzaliwa na uzito usiofika kilo moja, na mwaka ukitimia huwa amekaribia au kupita kilo 50. Mwili unaokua kwa kasi hiyo hausamehi makosa ya mlishaji.

Isitoshe, dawa za minyoo na maradhi mengine hupimwa kwa uzito. Kidonge kimoja kimtoshacho mbwa wa kilo 10 huwa vidonge saba kwa mbwa wa kilo 70. Zaidi ya hayo, majibwa haya, na hasa Great Dane, yana maradhi yao: tumbo hujaa hewa ghafla na kujipinda, na mnyama asipopasuliwa na daktari hufa katika muda wa saa chache. Mwenye kutaka kulifuga ajiulize iwapo usiku wa manane atampata daktari wa mifugo mwenye vifaa vya kazi hiyo, au atasimama na tochi akilitazama likifa.

Na umri wake ni mfupi. Great Dane mwenye kutunzwa vizuri huishi kati ya miaka 7 na 10. Ukimletea mtoto wako jibwa siku anayoanza darasa la kwanza, elewa kwamba huenda akalizika kabla hajamaliza kidato cha nne. Tuongeze kupe wetu na homa zao, na penye vichaka vya mbung'o tuongeze nagana, ugonjwa unaomdhoofisha mbwa na kuyatia macho yake ukungu. Mbwa aliyezaliwa hapa amezoea baadhi ya maadui hao. Aliyeletwa kwa gari kutoka mbali hukutana nao wote kwa mpigo.

Hatusemi haya kumcheka mwenye uwezo. Twasema kwa sababu tunajua kinachotokea uwezo unapopungua. Mshahara hukatika, mwenye nyumba huhamishwa kikazi, na jibwa huachiwa mtumishi asiyelijua. Chakula hupunguzwa na mnyororo hufupishwa. Mnyama mwenye nguvu za watu wawili, mwenye njaa na aliyefungwa mchana kutwa, huwa mkali kwa kila kipitacho. Na mnyororo, ndugu zetu, ni chuma, nacho hulika kutu katika hewa hii ya chumvi.

Watoto, jirani na sheria

Hapa ndipo penye uzito. Katika vijiji vyetu nyumba hazina mipaka kama ya mashamba ya walowezi. Watoto hucheza kutoka uga hadi uga, mpira huingia kwa jirani na mwenye mpira huufuata. Jibwa tulivu kabisa, lisilo na nia mbaya, laweza kumwangusha mkongwe kwa kumfurahia tu. Na likiwa na nia mbaya, taya zake hufikia uso wa mtoto bila kuruka. Mbwa mdogo aking'ata huacha jeraha. Jibwa laweza kuacha msiba.

Usalama wa jirani haupatikani kwa ukali wa fimbo. Hupatikana kwa malezi. Mtoto wa mbwa, tangu miezi yake ya mwanzo, azoeshwe watu wa kila namna: watoto, wazee, waendesha baiskeli, wauza samaki. Afundishwe kutii neno kabla nguvu zake hazijamshinda mwalimu. Kikosi cha mbwa cha Jeshi letu la Polisi hakimtumii mbwa kazini bila mafunzo, naye mshika kamba hufunzwa pamoja na mbwa wake. Iwapo dola inafanya hivyo, ni vipi mtu binafsi atanunua silaha hai ya kilo 70 na kumkabidhi kijana wa geti ambaye hajafundishwa hata siku moja?

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yamtaka mfugaji ampe mnyama wake chakula, maji, makazi na matibabu. Kadhalika sheria ya jinai haimwachi hivi hivi mtu anayepuuza kuchukua tahadhari juu ya mnyama wake aliye hatari kwa wengine. Kusema "hakuzoea wageni" hakumrudishii mtoto jicho lake, wala hakumtoi mwenye mbwa katika lawama.

Neno juu ya twahara

Wengi wa wasomaji wetu wa pwani na visiwani ni Waislamu, na haifai kulizungumza jambo hili kana kwamba dini haikulisemea. Imelisemea kwa uwazi na kwa insafu. Katika Sura ya Maida, aya ya 4, imehalalishwa windo la wanyama waliofunzwa kuwinda, mbwa akiwa miongoni mwao. Katika Sura ya Kahfi, aya ya 18, mbwa ametajwa pamoja na wale vijana wa pangoni, amenyoosha miguu yake kizingitini. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, anayefuga mbwa bila haja hupunguziwa thawabu zake kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Wako wanazuoni wa Kishafii, Imam Nawawi miongoni mwao, walioona kwamba ulinzi wa nyumba waingia katika ruhusa hiyo kwa kulinganishwa na mengine.

Tazameni basi jinsi mafundisho hayo yanavyokwenda sambamba na rai yetu: ruhusa imefungamanishwa na kazi. Mbwa wa kazi ana nafasi yake. Mbwa wa kujionyesha hana hoja.

Kuna na jambo la kila siku. Katika madhehebu ya Shafii, chombo kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja yao kwa udongo. Mbwa wetu wa kienyeji hukaa nje, na mdomo wake ni mkavu. Lakini Saint Bernard na majibwa mengine yenye midomo inayoning'inia hudondosha ute mchana kutwa, na yakikung'uta kichwa ute huo huruka hadi kwenye kanga zilizoanikwa. Nyumba ambayo uga wake mmoja ndio jiko, ndio mahali pa kufulia na ndio mahali pa kutandika mkeka wa kusalia, haina nafasi ya jibwa. Anayelitaka sharti awe na ua wa pili uliotengwa.

Na yule aliyekwisha kulifuga akumbuke pia simulizi tulizofundishwa chuoni tukiwa wadogo, za mja aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Najisi ya mate haikuwa ruhusa ya kumtesa mnyama.

Kazi zilizopo Madimba

Sasa tuzitazame kazi zenyewe. Madimba inajulikana nchini kwa mtambo wake wa kusafisha gesi asilia, ambao tangu mwaka 2015 hupeleka gesi kwa bomba hadi Dar es Salaam. Lakini mwananchi wa kawaida hapa anaishi kwa korosho, muhogo, mpunga, nazi na samaki. Adui wa mazao yake ni ngedere mchana, na nguruwe mwitu usiku. Nguruwe hao wakiingia katika muhogo kwa usiku mmoja, jasho la miezi hupotea.

Tena hasara ya nguruwe haiishii katika muhogo. Mwaka 2005 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba waliua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308, na kwamba sehemu kubwa ya mashambulizi hayo ilikuwa huku kwetu kusini mashariki. Watafiti waliona uhusiano na nguruwe mwitu: nguruwe huvuta simba hadi mashambani, na nguruwe hao hao huwalazimisha wakulima kulala madunguni kulinda mazao, mahali ambapo simba huwakuta. Ulinzi wa shamba umegharimu roho za watu. Si neno la mzaha.

Je, kazi hiyo yataka jibwa? Hatudhani. Mbele ya simba, hakuna mbwa aliye mlinzi, awe wa kilo 15 au wa kilo 90. Kazi ya mbwa wa shamba ni kusikia mapema, kubweka kwa sauti kumwamsha mwenye shamba, na kuwasumbua nguruwe mpaka waondoke. Kwa kazi hiyo hutakiwa mbwa mwepesi, anayepenya kichakani, asiyechoka kwa joto, wala kula magunia. Mbwa wawili au watatu wa kienyeji waliozoea kazi pamoja huifanya vema. Jibwa zito litahema nyuma yao. Na likikutana na pembe za nguruwe katika giza, ukubwa wake utakuwa shabaha. Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Na nyumbani je? Mwizi wa korosho na mwizi wa kuku huogopa kujulikana kuliko kung'atwa. Kubweka ndiko kunakomfichua, na mbwa mdogo hubweka sawa na mkubwa, pengine kumshinda. Jibwa lina nafasi yake penye ghala kubwa, penye karakana, au penye nyumba yenye ukuta kamili na mwenye nafasi ya kulilea. Kwa wengine wote twasema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Funzo la Pemba

Mbachao huyo, hata hivyo, ana haki tunayomdai ndugu msomaji na tunayoidai Serikali. Ni haki ya chanjo.

Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishamtokea mtu, karibu daima huishia kaburini. Duniani hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, takriban wote kwa sababu ya mbwa, na sehemu kubwa ya wafao ni watoto. Wakati huo huo, kuzuia kwake kunajulikana tangu Louis Pasteur alipomdunga chanjo mtoto aliyeng'atwa, mwaka 1885. Wataalamu wanakubaliana kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, na zoezi likarudiwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mkoa wetu wa Mtwara, pamoja na Lindi na mikoa mingine ya kusini mashariki, ulikuwamo katika mpango mkubwa wa chanjo uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kati ya mwaka 2010 na 2015. Kisiwa cha Pemba kilikuwamo pia.

Wenzetu wa visiwani wayasikilize vizuri yaliyotokea Pemba. Kwa chanjo ya kila mwaka, kisiwa kizima, ugonjwa ulipungua mpaka ukakatika mwaka 2014. Kisha chanjo ikalegezwa. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena, mara mbili, kutoka nje ya kisiwa. Bahari haikuuzuia, maana mbwa mgonjwa haogelei mkondo wa Pemba. Huvushwa na watu katika vyombo vyao. Ilibidi chanjo ianze upya, na ugonjwa haukukatika mpaka Oktoba 2018.

Jibwa la fahari lililonunuliwa mjini, likapakiwa boti bila hati ya chanjo ili mwenyewe akalionyeshe kisiwani, laweza kuwa ndilo mlango wa msiba wa namna hiyo. Vivyo hivyo mbwa avukaye Ruvuma kwa mtumbwi. Virusi havitazami bei ya mbwa wala ukoo wake. Na sindano ya chanjo nayo haitazami: dozi ya mbwa wa kilo 10 ni ile ile ya mbwa wa kilo 80. Katika jambo hili moja, jibwa na mbwa koko wako sawa.

Yatupasayo

Kwa mwananchi anayefikiria kuleta jibwa, twampa maswali ya kujipima. Kazi gani nitalipa ambayo mbwa wa kienyeji haiwezi? Ua wangu umefungwa kweli, au una tundu la mtoto kupenya? Kilo 365 za chakula zitatoka wapi mwaka huu, na mwaka wa mavuno mabaya? Maji atayateka nani? Nani atakayelifundisha, na nikisafiri litamtii nani? Jirani zangu nimewashauri? Anayekosa jibu hata kwa swali moja, asubiri. Anayekosa majibu kwa yote amekwisha kujibiwa.

Kwa kila mfugaji wa mbwa, mkubwa au mdogo: apeleke mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, na kila mwaka baada ya hapo, na kadi aitunze. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na siku hiyo hiyo afike katika kituo cha tiba. Asingoje kuona mbwa atakuwaje, wala asipakwe dawa za kienyeji kwanza.

Kwa maofisa wetu, nao wana sehemu yao. Ofisa mifugo na mtendaji wa kijiji wawe na daftari la mbwa wa kila kitongoji, maana hapana anayeweza kuchanja 70 katika 100 bila kujua hiyo 100 ni ipi. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, isiwe siku ya hotuba na fulana peke yake. Iwe siku ambayo sindano zimefika mpaka Msimbati na vitongoji vya delta. Katika mialo na bandari ndogo, mbwa asipande chombo bila kadi ya chanjo, hata kama mwenye mbwa ni mkubwa wa ofisi. Na ofisa mwenye jibwa nyuma ya geti lake awe wa kwanza kuonyesha kadi hiyo kwa majirani. Hapo ndipo atakapokuwa na uso wa kumdai mvuvi na mkulima ya kwao.

Usiku wa leo, wakati muhogo unakua katika mashamba ya Madimba, mbwa fulani mwembamba atainua kichwa, asikie nguruwe kabla ya bwana wake, na abweke. Hajadai gunia la unga wala geti la chuma. Amedai sindano moja kwa mwaka, na maji. Tumpe hayo kabla hatujamwita mgeni wa kumzidi kimo.